Amri Iliyotungwa kwa Ajili Yangu

Jumatatu, 9 Machi 1970

Daftari hili nimepewa na mwalimu wa kisomo cha watu wazima ili nimsaidie kuwafundisha wenzangu kusoma. Kurasa za mbele ni zao, za a, e, i, o, u. Hizi za nyuma nimejigawia mwenyewe, maana mgawaji hajisahau.

Mimi ni Majaliwa bin Mtoro, mtu wa Dunda, Bagamoyo, mfungwa wa Gereza la Mkwajuni. Nimefika Aden, Karachi na Bombay nikiwa mpishi wa meli. Chuo cha Kurani nilihitimu, skuli nimeishia darasa la tatu, na Dar es Salaam nimekuwa tarishi wa wakili, nikimbebea mafaili na mwavuli. Sheria nimeipata kwa kusimama mlangoni mwake nikingoja mvua inyeshe. Wapo waliokwenda Ulaya kuitafuta wakarudi na suti tu.

Nilifungwa kwa ajili ya mabati ya skuli yaliyoonekana juu ya nyumba yangu. Nilimwambia hakimu yaliletwa na upepo. Akaniuliza ni upepo gani huo unaokuja na misumari yake. Watu wakacheka, nami nikacheka, na hukumu ikatoka hali bado tunacheka.

Mvua bado. Joto la kuivisha maembe.

Jumatano, 11 Machi

Hapa wananiita Wakili. Si jina la kejeli, au kama ni la kejeli basi nimelizoea. Nimemshitaki nyapara wetu Mwinyijuma, mfungwa kama sisi lakini kapewa fimbo, kwa kunipa kila siku jembe lenye mpini mbovu. Nimemshitaki askari Bwanausi kwa kuupiga teke uji wangu. Nimemshitaki Bwana Jela kwa kuwa ni mwenye paka aliyekula dagaa wangu. Wenzangu nao nawaandikia, kila mmoja na kilio chake: blanketi, tumbaku, mke aliyeolewa na mwingine.

Lipo shauri langu moja ambalo si mchezo. Mfungwa mwenye adabu husamehewa theluthi ya kifungo chake. Yangu ilifutwa kwa sababu Mwinyijuma alisema nauza tumbaku. Siuzi, nagawa. Nikishinda hilo, natoka mpunga ukivunwa. Nikishindwa, nitaiona masika nyingine humu humu.

Jumanne, 17 Machi

Leo nimepelekwa mahakamani nikidhani linasikilizwa la theluthi. Kumbe ni mimi ninayesikilizwa.

Hakimu ni mtu wa bara, mwembamba, ana kikohozi. Alivua miwani akaniangalia kama mtu anavyoangalia jino linalomuuma.

"Majaliwa, umeleta mashauri mengi kuliko Dunda nzima."

"Dunda ni watu wapole, mheshimiwa."

Akasoma amri. Kuanzia leo karatasi yangu yoyote haipokelewi mpaka iwe na sahihi ya wakili, au nipate kwanza kibali chake yeye hakimu. Na karatasi nitakayomwandikia mfungwa mwenzangu ni vilevile. Yale yaliyokwisha kupokelewa atayaamua moja moja, kwa sababu sheria inamlazimisha.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa. Naomba nakala ya amri."

"Ya nini?"

"Nikate rufaa."

Hata Bwanausi, aliyenishika mkono, aligeuza uso ukutani.

Jioni niliwaambia wenzangu: Serikali imekaa chini ikatunga amri kwa ajili ya mtu mmoja tu. Masultani walikufa bila kupata heshima hiyo.

Mwinyijuma akasema, "Hata mbwa mwenye kichaa hutungiwa amri."

Wakili wa kutia sahihi hatoki bure, na mfungwa hana hata mfuko wa suruali. Hilo sikuwaambia.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua imeanza.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Tumepanda mpunga bondeni, matope magotini.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Homa. Yule wa blanketi amekuja na kilio kipya, nikamwambia ofisi imefungwa. Akasema, "Basi wewe ni nani sasa?" Nikajifunika langu mpaka kichwani.

Jumanne, 14 Aprili

Wameletwa wafungwa wapya. Mmoja anaitwa Kitwana bin Husseni, wa kijiji kimoja karibu na Miono, mlinzi wa ghala la korosho la ushirika. Amekuja na miaka miwili na viboko, nusu vya kuingilia na nusu vya kutokea. Vya kuingilia amekwisha kuvipata. Alikuwa amelala kifudifudi mahali pangu, maana pengine panavuja.

Nilimpaka mafuta ya nazi aliyoniletea mke wangu Sihaba. Viboko navijua, na mimi nilipata vyangu.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nakuchafulia mkeka."

"Uliiba magunia mangapi?"

"Sikuiba."

Humu ndani hakuna aliyeiba. Gereza zima ni la watu wema walioonewa, isipokuwa mimi niliyeletewa mabati na upepo. Nikamuuliza, "Na hakimu ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nimekosa, anisamehe."

Nilicheka mpaka Bwanausi akagonga mlango. Mimi nilikataa hali mabati yako juu ya kichwa changu, na huyu kakubali hali mikono mitupu.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo sicheki tena. Tulipokuwa tunapalilia nimemvuta Kitwana pembeni akanieleza kwa utaratibu.

Ulitokea msiba kijijini. Alifunga ghala akaenda kuzika. Aliporudi kufuli ipo, lakini ukuta wa nyuma, wa miti na udongo, umetobolewa na magunia hayapo. Akaenda kwa wazee wa ushirika, akakaa chini mchangani, akasema, "Nimekosa, nisameheni."

"Kwa nini ulisema hivyo, Kitwana?"

Akaniangalia kama mtoto anayeulizwa kwa nini avue viatu msikitini.

"Kitu si kilipotea mikononi mwangu? Lazima niombe radhi kwanza. Mwizi hutafutwa baadaye. Ukianza na sikuiba, sikuiba, watu watasema huyu anamjua aliyeiba."

Ni kweli. Bibi yangu pale Dunda alikuwa akiachiwa kuku wa jirani, na kuku akichukuliwa na kicheche, huenda kwa jirani na kanga yake begani, akae kizingitini aombe radhi kwanza. Jirani akisema "yamekwisha", ndipo wote wawili huinuka kumtukana kicheche. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu wa bara akikuona kizingitini, ataona mwizi wa kuku.

Wazee walimwambia yamekwisha, tumtafute mwizi. Lakini katibu alikwisha kupeleka habari polisi. Mahakamani shitaka likasomwa, akaulizwa kama ni kweli. Akajibu, "Ni kweli, baba, korosho zimepotea. Nimekosa, nisameheni." Karani akaandika kwamba amekiri. Miaka miwili ikatoka kabla hajajua wapi pa kuweka kofia yake.

"Hakukuuliza mara ya pili?"

"Hapana. Mheshimiwa alikuwa na karatasi nyingi sana mezani."

Muda wa kukata rufaa unaisha pamoja na mwezi wa tano. Ukipita, Kitwana atamaliza miaka yake, na siku ya kutoka atalazwa tena kwenye benchi apewe nusu iliyobaki.

Jumapili, 19 Aprili

Nimemwandikia rufaa ya Mahakama Kuu, ipitie kwa karani wa mahakama yetu ya hapa, kurasa kumi na moja. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama hiki. Inaanza hivi: "Kwa kuwa sheria ni mwavuli, na kwa kuwa mteja wangu amenyeshewa hali mwavuli upo mikononi mwa wenye uwezo..." Niliisoma kwa sauti na watu wakalia. Kitwana akauliza ni habari za nani.

Amri? Amri haiwezi kuzuia kitu kama hiki. Wakishaisoma tu, watanitafuta.

Jumatatu, 27 Aprili

Imerudi. Hata bahasha haikufunguliwa. Karani wa mahakama ameandika juu yake: "Mwandiko wa Majaliwa. Angalia amri."

Bwanausi ndiye aliyenikabidhi. "Anwani tu imetosha, Wakili," akasema. "Unajulikana."

Miaka yote nimetaka kujulikana.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Tumefanya kazi.

Mwenye mwandiko wa kueleweka humu, ukiniondoa mimi, ni Mwinyijuma tu. Nimekwenda kwake.

"Mimi huyu uliyenishitaki?" akasema.

"Nilishitaki mpini."

"Mpini haukuitwa shaurini. Niliitwa mimi."

"Si kwa ajili yangu, ndugu yangu. Ni kwa ajili ya Kitwana."

Aliendelea kuchonga kijiti. Kitwana ndiye anayemchotea maji ya kutawadha tangu alipoingia, bila kuagizwa. Mwisho akasema, "Lete kalamu. Lakini nikisikia mwavuli, naondoka."

Jumamosi, 2 Mei

Nilisema, akaandika. Mwavuli nimeuacha. Nimetia mizani, na kisima cha haki, na "ewe Jaji, nyota ya wasiokuwa na taa". Mwinyijuma alisimamisha kalamu.

"Kitwana hakusema hivi."

"Ni lugha ya mahakama, bwana. Andika."

Akaandika, midomo ameibana.

Jumatano, 6 Mei

Mvua. Ukuta wa choo umeanguka. Hakuna aliyeumia, ila aliyekuwamo ameaibika.

Jumanne, 12 Mei

Imerudi. Safari hii waliifungua. Karani ameandika: "Mkono wa mwingine, maneno ya Majaliwa."

Mwinyijuma ameitwa ofisini akaonywa kwamba amri inaweza kumpata na yeye. Alirudi, akapita mbele yangu, hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri.

Kitwana alikuja akachutama karibu yangu.

"Nisamehe, baba. Nimekuletea taabu."

Nilimkaripia. Nilimwambia radhi zake ndizo zilizomleta humu, na akiniomba tena nitamtoa mahali pasipovuja. Akasema, "Haya, baba. Nisamehe."

Jumapili, 17 Mei

Sihaba amekuja. Ametembea kutoka Dunda, kanga zimelowa mpaka kiunoni, kikapu cha vitumbua amekifunika kwa jani la mgomba. Mke wangu alinipenda nikiwa baharini, anasema nilikuwa mzuri zaidi nikiwa mbali.

"Umekonda," akasema.

"Nafanya kazi ya watu."

"Naisikia. Umeshitaki kila mtu, hata paka. Nimebaki mimi tu."

"Wewe nakuogopa."

Akacheka kidogo. Kisha akauliza la theluthi limefika wapi. Nikamwambia bado liko mezani kwa hakimu, liko hai. Akasema makuti yanavuja tangu mabati yalipochukuliwa, anahamisha kitanda kila usiku kama mcheza bao, lakini akijua natoka mavuno atavumilia.

Jumatatu, 18 Mei

Maulidi. Tumeruhusiwa kusoma. Kitwana ana sauti. Nani angejua.

Jumatano, 20 Mei

Sijui nianze wapi. Nitaanza na viatu.

Hakimu alikuja leo kukagua gereza kama desturi yake. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope, na soksi moja imeshuka. Alipita katika mistari yetu akiuliza, "Kuna mwenye malalamiko?" Watu wote wakaniangalia mimi. Nikaangalia chini.

"Majaliwa, leo kimya?"

"Nina amri, mheshimiwa."

Akacheka, cheko likageuka kikohozi. Nilipoona amekwisha kupita nikasema, "Mheshimiwa, naomba kibali. Si changu." Akasimama. Akaagiza niletwe ofisini.

Nilimweleza habari za Kitwana nimesimama, Bwanausi nyuma yangu. Sikutia nyota wala kisima. Nilimweleza msiba, na ukuta, na wazee, na radhi inavyoombwa huku kwetu kabla ya neno lolote. Nilimweleza bibi yangu na kuku.

Akakohoa. Kisha akasema, "Korosho. Mwezi wa nne."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Namkumbuka. Siku ile nilikuwa na paka mezani."

"Paka?"

"Paka wako. Na uji wako, na mpini. Yale uliyoleta kabla ya amri. Nilikesha nikiandika uamuzi wa paka, maana kila karatasi lazima niijibu na nitoe sababu. Huyu aliposimama akasema nimekosa, nilishukuru. Nilisema moyoni, angalau mmoja amenipunguzia kazi."

Mimi niliyewajibu polisi wa bandari ya Karachi kwa lugha nisiyoijua, nilibaki kuangalia tope la viatu vyake.

Akavua miwani. Bila miwani ni mtu mdogo kuliko nilivyodhani, ana macho ya mtu asiyelala. Miezi yote hii nilimchukulia kuwa ni adui mwenye nafasi nyingi, amekaa anangoja karatasi zangu apate la kufanya.

"Hukumu niliyoitoa siwezi kuifungua mwenyewe," akasema. "Mpaka Mahakama Kuu. Naweza kutoa kibali karatasi ipokelewe. Lakini nikikupa kibali wewe leo, kesho utaniletea kumi."

"Sitaleta."

"Ndivyo usemavyo kila mara. Sikiliza. Ondoa yote yako yaliyobaki, na utie sahihi kwamba huleti jingine mpaka umalize kifungo. Ndipo nitapokea hili moja. Ukurasa mmoja. Maneno yake, si yako. Jina lako lisiwemo."

"Na lile la theluthi?"

"Yote, Majaliwa."

"Lile ni la kweli, mheshimiwa."

"Huenda. Nitajuaje? Umeliweka katikati ya paka na uji."

Alisema anakwenda kukagua jiko, nimpe jibu akirudi. Nilibaki na Bwanausi na kelele za mvua. Bwanausi akasema taratibu, "Mimi singetia, Wakili. Ana miaka miwili tu yule. Watu wanamaliza."

"Na viboko?"

"Hata viboko watu wanamaliza."

Nilimfikiria Sihaba na kitanda chake. Nilimfikiria Kitwana kifudifudi juu ya mkeka wangu akiniomba radhi kwa damu yake mwenyewe. Hakimu aliporudi alinikuta nimekwisha kushika kalamu, na nikatia sahihi haraka, kama mtu anavyomeza shubiri.

Alhamisi, 21 Mei

Tumeandika. Mwinyijuma alishika kalamu, Kitwana akasema, nami nilikaa pembeni. Kila nilipofungua mdomo Mwinyijuma aliufunika ukurasa kwa kiganja.

"Tia basi 'kwa unyenyekevu'," nikasema.

"Ukimsoma tu utauona, hauna haja ya kutajwa."

Nainakili hapa, maana ni fupi:

"Mimi Kitwana bin Husseni nililinda ghala la korosho. Nilikwenda kuzika, nikarudi nikakuta ukuta umetobolewa. Sikuiba, wala simjui aliyeiba. Niliomba radhi kwa sababu korosho zilipotea mikononi mwangu, na kwetu radhi hutangulia. Karani aliandika kwamba nimekiri wizi. Nikisimama mbele yenu huenda nikaomba radhi tena kabla ya kujua, kwa kuwa nimelelewa hivyo. Nawaomba msiandike kwanza. Mniulize tena."

Hayo ya mwisho Kitwana aliyasema mwenyewe, taratibu, akiangalia mikono yake. Nilikuwa na mwavuli mkubwa kabisa wa kuweka hapo. Nikanyamaza.

Ametia dole gumba. Jina langu halimo.

Jumapili, 24 Mei

Sihaba amekuja tena kabla ya siku yake, kuna mtu amempelekea habari. Nilimweleza. Nilianza kwa mbali, nikapitia Aden, akanikatiza.

"Basi mavuno hutoki."

"Sitoki."

Akakaa akichomoa nyuzi za kikapu. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati la gereza.

"Huyo mtu ana mke?"

"Anaye. Sada."

"Akitoka, amwambie huyo Sada kwamba Dunda kuna mwanamke analowa kwa ajili yake."

"Nitamwambia."

"Usimwambie," akasema. "Atakwenda kumwambia kweli, mtu mwenyewe ndivyo alivyo." Akanisukumia kikapu. "Hivi mgawie. Na wewe usile vyote."

Aliondoka bila kugeuka. Sijui kama alilia. Na mvua hii nitajuaje.

Jumatano, 27 Mei

Imepokelewa. Bwanausi ameniletea habari mwenyewe mpaka bondeni, viatu mkononi.

Ijumaa, 5 Juni

Mvua zinapungua. Yule wa blanketi amekuja tena. Nimempa langu, akaondoka akisema wakili mzuri hatoi blanketi, hushinda shauri.

Alhamisi, 11 Juni

Tunamfundisha Kitwana. Tuko bondeni kuwinga ndege wasile mpunga, mimi nakaa juu ya kichuguu ndiye Jaji, Mwinyijuma na fimbo yake ndiye askari.

"Kitwana bin Husseni, uliiba korosho za ushirika?"

"Nisamehe, baba..."

"Unaona? Umekwisha kufungwa. Anza tena. Neno la kwanza ni sikuiba."

"Siwezi kumwambia mtu mzima sikuiba hata shikamoo hajaitikia."

Mwinyijuma alilazimika kukaa chini kwa kucheka. Tulirudia mpaka ndege wakala nusu ya mstari. Mara moja tu alisema vizuri, "Sikuiba", halafu akaniomba radhi kwa kusema kwa sauti kubwa.

Jumatatu, 15 Juni

Kitwana alikuwa apelekwe Dar leo, Mahakama Kuu. Barabara imekatika kwenye mto Mpiji, gari limegeuka. Mvua iliyokuwa imekwisha kutuaga imerudi kuchukua kofia.

Ijumaa, 19 Juni

Bado barabara. Kitwana anakula kidogo. Ameniuliza, "Baba, na Jaji akiwa hana muda?" Nikamwambia majaji wa Mahakama Kuu wana muda mpaka wanauza. Kisha nikageukia ukuta.

Jumanne, 30 Juni

Jua. Tumeanza kuvuna.

Alhamisi, 2 Julai

Kitwana amechukuliwa alfajiri, Bwanausi akiwa naye. Nilimfunga vifungo vya shati. Mikono yake ilikuwa baridi. Sikumfundisha kitu tena, nilimwambia tu, "Ukiulizwa mara ya pili, jibu." Akasema, "Na nisipoulizwa?" Gari likaondoka kabla sijaunda uongo.

Jumamosi, 4 Julai

Bwanausi amerudi jana jioni peke yake. Alikaa juu ya gunia la mpunga akavua kofia, akajifanya anatafuta kiberiti ili tumsubiri. Na yeye anajua kusimulia, nilikuwa simjui.

Alisema Jaji ni mtu mkubwa wa mwili, anasema Kiingereza, na yupo mkalimani wa kugeuza. Wakamsimamisha Kitwana. Jaji akasema neno, mkalimani akageuza: una nini cha kusema juu ya wizi huu?

"Naye?"

"Naye akasema shikamoo."

Mwinyijuma akashika kichwa.

"Kisha akasema, nimekosa baba, nisameheni. Vilevile. Mkalimani akafungua mdomo kumgeuzia Jaji. Mimi pale nyuma nikafumba macho, nikasema tumerudi naye."

"Halafu?"

"Jaji akainua kidole. Akamzuia mkalimani. Akaisoma tena ile karatasi yenu, taratibu, mpaka nikaisikia saa ya ukutani. Kisha akamwambia mkalimani, muulize tena."

"Akajibu?"

"Aliangalia mikono yake. Nilidhani hajasikia. Kisha akasema: kuiba, sikuiba. Radhi naomba kwa sababu zilipotea mikononi mwangu, na mikono ni yangu. Hakusema kwa nguvu. Lakini mkalimani alipogeuza, alisimama wima kama anasema yake mwenyewe."

Wakili wa Serikali akainuka akasema hana la kupinga, mtu huyu hakukiri wizi, na shahidi wa kumwona akiiba hakuna. Jaji akaandika kitambo. Wakamfungulia palepale. Bwanausi alimpa nauli ya basi la kwenda Miono kutoka mfukoni mwake, na Kitwana akamwamkia shikamoo mara tatu.

Watu walipiga vigelegele kama arusini, wanaume wazima. Mwinyijuma alitoka nje kwenda kutawadha, na haukuwa wakati wa sala.

Nilingoja watu wapungue. Nikamuuliza Bwanausi, "Jaji hakuuliza ni nani aliyetengeneza ile karatasi?"

"Hakuuliza."

"Wala kusema imeandikwa vizuri?"

"Hakusema kitu, Wakili. Aliiweka chini ya nyingine, akaita shauri jingine."

Jioni chakula kikaja kwa hesabu ya juzi, jiko lilikuwa halijapata habari. Sahani ya Kitwana ikabaki katikati yetu, ugali na kunde, na mtu hakuigusa. Yule wa blanketi aliiangalia kwa muda mrefu, kisha akaisogeza kwangu kwa vidole viwili.

Nimeila yote. Na wakili naye hula kwa kazi yake.